Nakala Mbili Mbovu, Faili Moja Zima

Nina siku tatu tu na kitu hiki, na mtu mwenye busara angesubiri walau mwezi ndipo aandike. Mimi siwezi. Juzi saa tatu usiku, kwenye baraza ya mjomba huku Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, programu isiyo na picha wala kitufe cha kubofya, tena ya bure, ilichukua flashi mbili nilizokwisha kuzililia. Ikachota palipo pazima kwenye hii na palipo pazima kwenye ile, ikanikabidhi faili moja lisilo na kovu. Ngoma zote za wazee wetu, tangu ufunguzi mpaka kufunga, zimerudi. Narudia: zote! Niliruka kutoka kwenye mkeka nikamwaga kahawa ya watu.

Inaitwa lziprecover. Jina baya, nakubali. Ukilitamka haraka unaweza kuumwa ulimi. Aliyeitengeneza ni Antonio Diaz Diaz, yule yule aliyetuletea ddrescue ya mradi wa GNU. Nimekuwa nikisikia habari zake kwa vijana wa Linux kama watu wanavyosikia habari za mganga wa Pangani: kila mtu anamjua aliyeponywa, hakuna aliyekwenda mwenyewe. Safari hii nimekwenda mwenyewe.

Nianze na mgonjwa. Bagamoyo ni mji wa sauti. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, tangu 2007 tunakiita TaSUBa, na msimu wa tamasha ukifika huwezi kutembea kutoka Mji Mkongwe hadi ufukweni bila kupishana na mtu aliyenyoosha kinasa sauti au simu. Mwanamuziki Hukwe Zawose aliishi mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwa hiyo rekodi zipo, tena nyingi. Ila muulize aliyerekodi: ile ngoma ya mwaka juzi iko wapi? Atakujibu iko kwenye flashi. Flashi iko wapi? Hapo ataanza kujikuna kichwa.

Mimi ni mmoja wao. Miaka miwili iliyopita nilirekodi kikundi cha mjomba, vikao kadhaa, manju wao akiwa bado hai na sauti yake ikiwa bado inafika ng'ambo ya mikoko. Sauti ya WAV, saa tano kamili, GB 3.2. Kijana mmoja fundi wa pale steshenari aliniambia, "Kaka, usiyaache hivyo. Yafunge pamoja, yabane, weka nakala mbili sehemu mbili." Akaniwekea plzip ya kubania mafaili, ndugu yake lzip anayefanya kazi kwa kutumia nyuzi zote za prosesa, tukapata ngoma.tar.lz ya GB 2.8. Haikupungua sana, maana WAV haibaniki kama maandishi, na leo ningetumia FLAC bila kuuliza. Lakini flashi zetu zilikuwa za FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hivyo letu liliingia bila shida. Moja nikabaki nayo mimi. Ya pili akaichukua mjomba, akaitia kwenye kasha lake pamoja na hati ya shamba.

Anayejua pwani hii ameshajua kilichofuata. Huku kuna mashamba ya chumvi, na hata pasipo na shamba, upepo wenyewe ni shamba. Bawaba zinaoza, feni zinaoza, miguu ya shaba ya flashi inaota ukijani. Yangu niliichomeka mwezi uliopita ikawaka taa, ikazima, ikawaka, kompyuta ikanipa orodha ya mafaili kwa huruma, kisha ikagoma katikati ya kunakili. Nikacheka nikasema si kitu, ya mjomba ipo. Nikaenda Mlingotini. Kumbe wajukuu walikuwa wameitoa kwenye kasha muda mrefu, wameijaza singeli, na kila jioni inachomekwa kwenye sabufa, inachomolewa ikiwa inapiga, inaangushwa kwenye mchanga. Ngoma.tar.lz ilikuwemo bado, nashukuru hawakuifuta. Ila nayo ikafika mahali, ikakwama.

Kwa hiyo nakala mbili, na zote mbili mbovu. Watu tisa kati ya kumi huishia hapo. Wanasema pole, wanatupa.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze kwa nini faili lililobanwa likiumia huumia vibaya kuliko picha au sauti ya kawaida. Mchukue mchuuzi anayepita mtaani akinadi: "Chumvi ya Bagamoyo! Chumvi ya mawe! Chumvi ya Bagamoyo!" Programu ya kubana haiandiki tangazo la tatu. Inaandika tu: rudi nyuma herufi 36, nakili herufi 19. Hesabu mwenyewe, pamoja na nafasi na alama, utaona inatoka sawasawa. Ndiyo mbinu ambayo Abraham Lempel na Jacob Ziv waliitangaza mwaka 1977, na karibu kila zipu, kila gz na kila 7z unayotumia ni mjukuu wake. Sasa chumvi iile lile tangazo la kwanza. La tatu nalo limekwenda, kwa sababu halikuwahi kuwepo. Lilikuwa ahadi tu ya kurudi nyuma. Halafu maagizo hayo yenyewe yanabanwa tena kwa biti zisizolingana urefu, kwa hiyo biti moja ikipotoka msomaji hupoteza hatua, kama mpiga kayamba aliyekosa pigo moja: kila kinachofuata kimehama, na hajui.

Dawa iliyomo ndani ya plzip ni kukata. Haibani faili zima kwa pumzi moja. Kwa kawaida huchukua MiB 16 za data, inazibana, inafunga mlango, inaanza upya bila kukumbuka chochote cha nyuma. Kila kipande kina kichwa cha baiti 6 na mkia wa baiti 20, na ndani ya mkia huo kuna CRC, namba ya ukaguzi ya baiti 4 iliyopigwa kutokana na data yenyewe kabla haijabanwa. MiB 16 za sauti ya ubora wa CD ni kama dakika moja na nusu. Yaani chumvi ikila sehemu moja ya flashi, ninapoteza dakika moja na nusu ya ngoma, si saa tano. Nilipoelewa hivyo nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, na bado sijaandika hata amri moja.

Hatua ya kwanza si lziprecover. Ni ddrescue. Amri ya kawaida ya kunakili, cp, ni mwoga: ikikuta mahali pasiposomeka inaacha kazi, na unabaki na nusu faili. Ddrescue ina roho nyingine kabisa. Inakusanya kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, inaruka mabaya, inarudi kuyachokonoa kidogo kidogo, na kila inachofanya inakiandika kwenye daftari lake, hivyo umeme ukikatika unaendelea ulipoishia. Nami umeme ulinikatikia mara mbili. Tazama inavyoandikwa, ni mstari mmoja tu:

ddrescue -r3 /media/flashi/ngoma.tar.lz a.tar.lz a.map

Hiyo -r3 maana yake jaribu mara tatu zaidi mahali palipogoma. Uzuri wenyewe ni kwamba pasiposomeka hapafupishwi. Panabaki pengo la sifuri, na faili linabaki na urefu ule ule, kila baiti kwenye kiti chake. Kumbuka hilo, ndilo linalobeba mchezo wote. Flashi yangu iliacha mapengo matatu. Ya wajukuu iliacha kumi na moja, madogo madogo, yametawanyika kama makombo ya mkate chini ya sabufa. Nikazipima zote mbili kwa lzip -tv, zote zikakataliwa.

Kisha nikaandika hii. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, laptopi juu ya kinu kilichopinduliwa, mbu wananila:

lziprecover -v --merge -o ngoma.tar.lz a.tar.lz b.tar.lz

Fikiria wazee wawili waliojifunza wimbo mmoja utotoni. Mmoja amesahau ubeti wa tatu, mwenziwe amesahau wa saba. Ukimsikiliza mmoja mmoja wimbo haupo. Ukiwaketisha pamoja upo mzima, ilimradi hawakusahau ubeti ule ule. Ndivyo programu inavyofanya. Inazipanga nakala bega kwa bega, inapita kipande baada ya kipande, na zinapolingana inasonga mbele. Zinapotofautiana haina namna ya kujua yupi mkweli, kwa hiyo inajaribu: hapa nichukue cha a, pale cha b, haikukubali? Basi kinyume chake. Na hakimu ni ile CRC mkiani. Mchanganyiko ukiwa sahihi namba inaafiki, usipokuwa sahihi haiafiki, na nafasi ya kosa kuafiki kwa bahati tu ni kama moja katika bilioni nne na ushei. Hakuna kubahatisha hapo, wala ile tabia ya programu nyingi za kurudisha mafaili ambazo hukupa kitu kinachofanana na faili lako, ukakifungua ukakuta nusu ya uso.

Kwangu ilimaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Vipande karibu 190 vilikuwemo, na vibovu vilikuwa vichache. Skrini ilipita mistari, ikasimama, ikaandika kwa Kiingereza kikavu kwamba mafaili yameunganishwa salama. Bila fataki. Nikapima tena kwa lzip -tv: sawa. Hapo ndipo kahawa ilipomwagika.

Nililala? Sikulala. Nilijifungia nikaanza kuharibu mafaili kwa makusudi, kama mtoto aliyepewa plasta akatafuta pa kujikata. Nikachukua nakala ya jaribio, nikaibadilisha baiti moja tu, ya milioni tano tangu mwanzo, kwa dd. Faili likafa papo hapo. Sasa hakuna nakala ya pili ya kusaidia. Ni lenyewe na kovu lake. Lziprecover ina amri ya --byte-repair. Inaangalia mahali usomaji ulipoyumba, inarudi nyuma, na katika kila kiti inajaribu kila thamani ambayo baiti inaweza kuwa nayo, moja baada ya nyingine, mpaka CRC ikubali. Ni ukaidi mtupu. Nilitia maji ya chai jikoni, niliporudi imekwisha kazi, faili limepona, na nilipolilinganisha na la asili kwa cmp halikuwa na tofauti hata moja. Kwa haki niseme mipaka yake: inamudu baiti moja mbovu katika kipande kimoja, na hitilafu ikiangukia baiti tano za mwanzo wa kichwa au sehemu ya mkia inayotaja urefu wa kipande, haina la kufanya. Na kuna makovu yatakayoilaza kazini muda mrefu sana. Kovu langu lilikuwa jepesi.

Lakini najua msomaji ataniuliza, kama rafiki yangu mmoja wa Bunju alivyoniuliza kwa simu: "Hiyo .lz nani anayo? Mimi nina zipu na RAR." Swali zuri, linaumiza. Lziprecover inatibu .lz peke yake. Kwa hiyo siku ya pili nilikwenda kuwasalimia ndugu zake wengine.

Bzip2recover nilikuwa nayo kwenye kompyuta miaka yote bila kujua. Huja pamoja na bzip2 ya Julian Seward. Nilikuwa na faili linaloifaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikabaki inaangalia duara linalozunguka, nilijiapiza kwamba intaneti ikirudi nitaiweka Wikipedia ya Kiswahili yote nyumbani. Nikaiweka. Hutolewa ikiwa imebanwa, jina lake swwiki-latest-pages-articles.xml.bz2, ipo kwa kila mtu. Nikanakili, nikatoboa tundu la baiti 4,096 katikati, nikaiachia bzip2recover. Bzip2 hukata data kwa vipande visivyozidi baiti 900,000, na mwanzoni mwa kila kipande inapiga muhuri wa biti 48. Je, unajua ni muhuri gani? 314159265359. Ni pai! Ile pai ya hesabu za duara, tarakimu zake za mwanzo, imepigwa kwenye kila bloku la kila faili la bz2 duniani. Na kwa kuwa mabloku hayaanzii lazima mwanzo wa baiti, bzip2recover inasogea biti kwa biti ikiitafuta pai kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Ikiiona inakata, inakiandika kipande kama faili lake: rec00001, rec00002, na kuendelea. Folda yangu ilijaa mafaili utadhani dagaa wameanikwa. Bzip2 -t ikanionesha kipande kimoja kilichooza. Nikakitoa, nikaunganisha vilivyobaki, na elimu ya Waswahili ikarudi, pungufu makala chache. Haijarekebisha chochote, tofauti na lziprecover. Imeokoa tu wasiozama. Nayo si haba.

Gzip ndiyo masikini wa familia. Haina muhuri wa pai, haina vipande vyenye milango. CRC yake ni moja tu, mwisho wa safari. Ikiumia katikati, programu za kuokoa hubaki kunusa-nusa zikitafuta pa kuanzia tena, na unachopata kinategemea bahati yako na dua za mama. Sikai hapo.

Zipu sasa. Hii ndiyo itakayokusaidia kesho asubuhi, hata kama .lz hujawahi kuiona. Kuna siri ambayo watu wa steshenari wote wangepaswa kuijua: faili la Word la .docx ni zipu. La Excel la .xlsx ni zipu. APK ya simu ni zipu. Badilisha jina, fungua, utaona folda ndani. Na zipu ina tabia ya ajabu: orodha ya vilivyomo imewekwa mwishoni, kama kitabu chenye yaliyomo kwenye jalada la nyuma. Upakuaji ukikatika, au flashi ikichomolewa kabla ya wakati, jalada la nyuma ndilo la kwanza kukosekana, na Word inasema faili limeharibika, wakati kurasa nyingi zipo pale pale zimekaa. Lakini kila kitu kilichomo kimetanguliwa pia na kibandiko chake kidogo kinachoanza na herufi PK, za Phil Katz, aliyeianzisha zipu mwaka 1989.

Siku hiyo hiyo ya pili, kana kwamba nimepangiwa, dada mmoja mwanafunzi alikuja pale steshenari na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Flashi, docx, haifunguki, kukabidhi ni Jumatatu. Macho mekundu. Yule kijana fundi alinitazama, nami nikajitia udaktari:

zip -FF ripoti.docx --out ripoti2.zip

Kwanza iliniuliza kama hifadhi hii ni ya diski moja, swali la enzi za flopi, na karibu nicheke. Nikajibu y. Ikapita faili zima ikitafuta vibandiko vya PK, ikajenga orodha mpya. Picha mbili za mwisho hazikuokoka. Ila document.xml, ambayo ndimo maneno yote yanamokaa, ilikuwepo nzima. Tukaitoa, tukayapanga maneno kwenye ukurasa mpya, kurasa thelathini na nne. "Kaka, nikupe shilingi ngapi?" Nikamwambia aninunulie muhogo wa kuchoma. Nilikula nikiwa na kiburi ambacho si kizuri kukieleza hapa.

Sasa malalamiko, maana sikulipwa na mtu. Ujumbe wote ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha mhandisi. Mwanafunzi yule peke yake asingejua afanye nini na lile swali la diski. Dirisha jeusi la amri linatisha watu, na si bure: ukikosea ddrescue ukaweka mahali pa kuandikia pakawa ndipo pa kusomea, unaweza kuifuta flashi uliyokuja kuiokoa. Kwa hiyo nakili kwanza, kisha chezea nakala. Kwenye Debian na Ubuntu unaandika sudo apt install lziprecover ikaja, lakini ddrescue lazima uiombe kwa jina la gddrescue, na hilo limenipotezea nusu saa. Wa Windows apitie WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Ukubwa wenyewe si kitu. Bando la siku linatosha na chenji inabaki.

Na lziprecover ina udhaifu mmoja ambao haumo ndani yake bali ndani yetu: inahitaji uwe umejipanga kabla. Uwe umebana kwa .lz, uwe na nakala mbili zilizofanana baiti kwa baiti. Kama huna subira ya kubadili aina ya faili, tengeneza akiba ya par2 kando ya zipu yako ya kawaida: par2 create -r10, nayo inaweka asilimia kumi ya ziada inayoweza kujenga upya palipobomoka. WinRAR nayo ina kumbukumbu ya uokoaji, weka alama kwenye kisanduku chake kabla ya kubana. Mimi lakini nimeshahamia. Tangu juzi kila kitu changu ni .lz, pamoja na picha za harusi ambazo hakuna anayezitaka.

Tena nimekwishaanza kusumbua watu. Jana nilipita Kaole kwa rafiki mwenye studio ndogo chumbani, nikamwomba anioneshe droo ya flashi mbovu. Kila mtu anayo droo hiyo. Zilikuwemo saba. Alitaka kuzitupa wiki iliyopita.

Nimalizie na mjomba, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niandike haraka. Usiku ule, baada ya lzip -tv kukubali, nilifumua ngoma.tar.lz nikaunga laptopi kwenye sabufa ile ile ya wajukuu. Nilikwisha pigia hesabu mahali pengo kubwa la flashi yangu lilipoangukia: kikao cha pili, dakika ya arobaini hivi. Nikapeleka hapo.

"Mjomba, njoo usikie."

Alikuja na kanzu ya kulalia, akakaa kwenye ukingo wa baraza, akainamisha kichwa. Vumi ikalia, kayamba zikaingia, kisha manju akaanza, na sauti yake ikajaa uani mpaka jirani akapunguza redio. Hatukusema. Dakika moja na nusu ikapita, ile iliyokuwa sifuri tupu saa moja kabla, na mimi nilikuwa nasikiliza kama fundi: je, patakatika? Patakwaruza? Hapakukatika.

Mjomba akanyanyua kidole. "Hapo. Umesikia?"

Moyo ukanidunda. "Nini, mjomba?"

"Pigo. Nilichelewa pigo." Akatikisa kichwa. "Na yeye alinitazama vile vile, nakumbuka."

Nikamrudishia, tukasikiliza tena. Kweli, amechelewa. Basi ikaendelea mpaka wimbo ukaisha, akajifuta uso na ncha ya kanzu, akaikodolea laptopi.

"Sasa mjomba, hicho kidude chako," akasema, na huku kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "ile kaseti ya video ya harusi ya dada yako, iliyoingia maji ya mvua, nayo inaifungua?"

Nikamwambia hapana, ile ni tepu.

"Ah," akasema akiinuka. "Basi bado."